Waya Ulegee

Wateja walimwita Mama Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haikumtoka shingoni hata wakati wa kula. Alishonea nguo sebuleni. Kando ya cherehani yake palikuwa na tangi la samaki, na ndani yake aliotesha majani ya majini. Macho yakichoka na sindano, aliyapumzisha humo. Ndiyo starehe yake pekee, na hakumwomba mtu radhi kwa ajili yake.

Shida ilikuwa mwanga. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jirani, jua halikuingia, na majani yakaanza kugeuka manjano na kuoza. Taa za dukani zilikuwa fupi kuliko tangi.

"Nguo isiponitosha nashona yangu," alimwambia mumewe, seremala. "Taa nitatengeneza mwenyewe."

"Umeme si uzi, mke wangu."

"Tutaona."

Alichukua ubao, akafungia balbu mbili za kawaida, akasokota nyaya na kuzizungushia tepu. Ubao akaulaza juu ya tangi. Kisha akafanya kosa la fundi cherehani hasa. Mama Futi hapendi kitu kilicholegea. Mshono ukilegea, anafumua. Basi waya nao akauvuta ukanyooka kabisa, kutoka tangini hadi kwenye ekstensheni sakafuni. Akarudi nyuma, akatazama kazi yake, akajipongeza.

Asubuhi moja, taa zikiwaka, alitia mkono majini kung'oa jani bovu. Umeme ukamrusha! Akaanguka kitako, mkono umekufa ganzi. Mumewe alikimbilia swichi kuu na kuizima kabla ya kumgusa, na kwa hilo tumsifu. Akampeleka zahanati. Wakampima moyo, wakasema yu mzima.

Walipofika nyumbani mume alifoka. Alikuwa ameogopa, na alipoogopa alikuwa mkali.

"Jumamosi tangi linatoka!"

"Halitoki."

"Litakuua!"

"Kilichotaka kuniua ni kazi mbovu, na kazi hiyo ni yangu. Nitaifumua nishone upya."

"Jumamosi," mume alirudia. "Nakuja na ndoo."

Mama Futi hakulia wala hakubembeleza. Alibeba ubao na ekstensheni, akaenda kwa jirani yake, mzee fundi umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Haya madude kafunga nani?"

"Mimi. Nataka unifundishe, usinifungie."

Mzee akabandua tepu. Ndani ilikuwa na unyevu. "Hapa ndipo umeme ulipovujia majini. Tepu haizuii mvuke wa tangi." Akafungua ekstensheni. Matone mawili ya maji yakadondoka mezani. "Na hii ilikuwa inangoja zamu yake."

"Sasa nifanye nini?"

"Kwanza tugawane kazi. Soketi ni yangu, hata ukinuna. Ni kazi ya fundi aliyesomea. Nitakuwekea soketi ukutani, mbali na tangi, yenye waya wa ardhi. Nitafunga na swichi ya usalama. Umeme ukivuja, inakata kabla hujasema lahaula. Kutoka adapta kwenda kwenye taa, ni kazi yako."

"Adapta ya nini?"

"Inaushusha umeme wa nyumba hadi volti kumi na mbili. Umeme mkubwa usikae juu ya maji. Taa utumie za ukanda, zilizovikwa mpira usioingiza maji. Ukanda wako utakula wati thelathini, basi tafuta adapta ya wati arobaini. Usiikamue."

"Kama lastiki. Ukiivuta mpaka mwisho, inakatika."

"Umenipata. Na ukanda ukate kwenye alama tu."

"Mimi na alama, mzee, tunafahamiana."

Siku mbili walifanya kazi. Mama Futi alipima, akakata, akabandika ukanda kwenye bamba la alumini ili joto lipate pa kutokea. Maungio aliyachomea kwa risasi iliyoyeyushwa, akayavika mpira unaobana, akayaziba kwa silikoni. Mwisho akaushika waya, akauvuta ukanyooka.

"Legeza," alisema mzee.

"Utaning'inia vibaya!"

"Uning'inie hivyo hivyo. Maji hutambaa juu ya waya. Ukinyooka, yanakwenda moja kwa moja kwenye umeme. Ukining'inia chini kuliko soketi, yakifika hapo chini yanadondoka sakafuni."

Mama Futi aliutazama waya ule wenye tumbo. Ulimuuma kuliko ile shoti. Lakini aliulegeza, akaondoa mkono, asiurudie tena.

"Washa kwa muda wa saa nane kila siku," mzee aliongeza. "Ukizidisha, utafuga utando wa kijani majini."

Jumamosi mume aliingia na ndoo. Akakuta tangi linang'aa, samaki wanazunguka, mkewe anashona kama hana habari.

"Nimekuja kumwaga."

"Kagua kwanza."

Alikagua. Akavuta bamba, halikutikisika. Akatafuta tepu, hakuona hata kipande. Akabonyeza kitufe cha kujaribia kwenye swichi ya usalama, nayo ikakata papo hapo. Akaiwasha tena. Hata hivyo hakutaka kushindwa.

"Haya. Kama huogopi, tia mkono tukuone."

Mama Futi akainuka. Akalipita tangi, akafuta mikono kwa kitambaa, akachomoa plagi ukutani. Ndipo akarudi, akakunja mkono wa gauni na kuutia majini mpaka kwenye kiwiko.

Mume akacheka. "Kumbe unaogopa!"

"Siogopi," alisema Mama Futi, akang'oa jani bovu na kulitupia ndani ya ndoo ya mumewe. "Najua."

Mume akaondoka na ndoo ikiwa na jani moja. Wiki ya tatu majani mapya yalichipua, ya kijani kibichi, na tangi liko pale pale.