Mahali pa Chiriku

Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, katriji ya mashine ya santuri ya Baba, kile kichwa kinachobeba sindano, ilikufa. Haikufa kwa kishindo. Santuri ilikuwa inazunguka vizuri, mara sauti ikaanza kukwaruza kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga, kisha spika ya kulia ikanyamaza kabisa. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mbele ya spika zote mbili. Akafumbua macho.

"Kitinda," akaita. "Njoo umwone mwenzako. Ameumia koo."

Kitinda alikuwa chumba cha mbele, kwenye karakana, akilehemu amplifaya ya mteja. Hakuuliza mwenzake ni nani. Katika nyumba ile mwenzake alikuwa mmoja tu, na alishazikwa siku nyingi.

Dada yake mkubwa watu walimwita Chiriku. Aliimba akifua, aliimba akipika, aliimba hata akigombezwa. Chai alikuwa haigusi mpaka aipulize weee, hadi wenzake wamemaliza, eti analinda koo. Alirekodi santuri moja tu maishani. Baba ndiye aliyeshikilia wimbo utoke kwenye santuri, wakati dunia nzima imeshahamia kwenye simu. Santuri zilipofika nyumbani, Chiriku alikuwa ameshachukuliwa na homa.

Kitinda, kitindamimba wa nyumba, alikuwa na shahada ya umeme. Alirudi kushika karakana pale macho ya Baba yalipoingia ukungu na mikono yake ikaanza kutetemeka. Yeye ndiye aliyempikia, akamfulia, akamtia dawa ya macho asubuhi na jioni. Na bado mteja akiingia mlangoni angemtazama usoni kwa muda, kisha aseme, "Ala, si wewe ndiye mdogo wake Chiriku?" Kitinda angejibu ndiyo, kwa tabasamu la meno tu.

Hilo angelivumilia. Kilichomkaa kooni ni zile alasiri za Baba na santuri ile.

Kwenye ule wimbo gitaa lilikaa kushoto na ngoma kulia. Sauti ya Chiriku ilisimama katikati, wima, mahali ambapo hapakuwa na spika wala chochote isipokuwa meza fupi tupu. Ungeweza kumnyooshea kidole. Baba alimnyooshea. "Yuko pale," angesema, akitabasamu na hewa. Siku moja Kitinda aliweka kikombe chake juu ya meza ile. Baba alikisikia kikigusa mbao. "Toa hicho," akasema. "Unamziba mwenzako."

Basi Jumamosi ile akaja na koleo zake ndogo, taa ya mezani na sanduku la katriji.

Wateja wengi hudhani katriji ni kama balbu. Ikifa, unachomeka nyingine. Kitinda alijua si hivyo. Mkono wa mashine ya Baba ulikuwa wa zamani, wa chuma, mzito. Mkono wa namna hiyo unataka katriji ngumu, ambayo sindano yake hailegei. Ukiupa laini, unanesanesa kwa kila kijibonde cha santuri, na utaona koni za spika zikitoka na kuingia, zikitoka na kuingia, bila sauti yoyote. Mafundi husema mashine inahema.

Alijaribu kwanza katriji mpya, ya kisasa. Baba akaegemea mbele, akaweka kiganja kwenye spika.

"Inahema hii."

"Nimeiona, Baba. Natoa."

Chini kabisa ya sanduku alipata nyingine ya umri wa ule mkono, ngumu, na mpira wa sindano yake ulikuwa bado hai. Akaifunga kwa skrubu mbili. Akauzungusha uzani wa nyuma mpaka mkono ukaelea, haupandi haushuki, halafu akaupa uzito wake kwa mizani ndogo. Akaweka santuri ya majaribio. Koni zikatulia tuli. Vilikuwa vimepatana, katriji na mkono, utadhani vilitoka tumbo moja.

Zikabaki nyaya. Kwa majaribio yale alikuwa ameunganisha za kushoto tu, mweupe na wa buluu. Za kulia, mwekundu na wa kijani, zilikuwa bado zinaning'inia, nyembamba kama nyuzi za kushonea.

"Una mikono mizuri," Baba akasema. Kitinda akainua uso. Kusifiwa na Baba kulikuwa kama mvua ya kiangazi. "Mungu aligawa vizuri. Wewe akakupa mikono, mwenzako akampa sauti. Maana wewe, mwanangu, ukiongea huwa hata sijui unatokea wapi. Kama mtu aliye chumba cha pili." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Haya, harakisha. Ananisubiri."

Kitinda akazirudia nyaya. Ukibadilisha mahali mwekundu na wa kijani, hakuna kinachoungua. Gitaa litabaki kushoto na ngoma zitabaki kulia. Kinachoharibika ni katikati. Spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti iliyokuwa imesimama pale inakosa pa kusimama. Inatawanyika. Wako wanaoisikia ikitokea nyuma ya visogo vyao. Kosa hili sikio hulisikia, ila ni jicho tu linaloona lilipo, na Baba macho hakuwa nayo.

Kitinda aliushika waya mwekundu kwa koleo. Akautazama. Akauchomeka mahali pa ule wa kijani, na wa kijani mahali pake.

Baba aliweka sindano mwenyewe juu ya santuri ya Chiriku, kwa mkono unaotetemeka. Gitaa likaanza, kisha ngoma, kisha ile pumzi fupi aliyoivuta Chiriku kabla ya neno la kwanza. Tabasamu la Baba likaja, likakwama, likaondoka.

"Hayupo," akasema.

"Si huyo anaimba, Baba."

"Anaimba. Lakini hayupo mahali pake." Akageuza kichwa taratibu, kama mtu anayetafuta nzi kwa masikio. "Umempeleka wapi?"

"Labda santuri imechoka."

Macho yake ya ukungu yalipita begani kwa Kitinda yakasimama hapo.

Kitinda hakuogopa. Sauti ilikuwa kisogoni kwake, karibu, lakini alijua sababu. Angeweza kuichora ubaoni. Moyoni alikuwa na kitu kama shibe. Meza fupi ilikuwa meza tu sasa.

Wimbo ukaisha. Akainua mkono wa mashine, akaurudisha kwenye pumziko lake, akazima umeme.

Nyuma ya shingo yake mtu akapuliza. Pumzi ndogo, fupi. Kama anayepoza chai.

Jumapili Shangazi alikuja, kama kawaida yake. Alikuwa dada yake Baba, mwanamke wa maneno mengi, ambaye msiba wa mpwa wake haukumwondolea mzaha.

"Kaka, leo umenuna kama bwana harusi aliyekimbiwa," akasema akivua viatu. "Huyu mtoto hakupi chakula?"

"Chakula ananipa," Baba akasema. "Ameniondolea mtu."

Shangazi akamgeukia Kitinda ili acheke naye. Hakucheka. Alimtazama, kisha akatazama juu kidogo ya bega lake. Halafu akasogea pembeni mwa kochi. Akaacha nafasi. Nafasi ya watu wawili.

"Mbona unasogea, Shangazi?"

"Sijui." Akajishika koo. "Nimesogea tu. Kaa, mwanangu. Kaeni."

Kitinda hakukaa. Alikwenda jikoni akafungua bomba ili maji yapige kelele. Kelele za maji zilikuwa mbele yake. Mguno wa ule wimbo wa Chiriku ulikuwa nyuma. Akageuka. Ukawa nyuma. Akaegemeza mgongo ukutani, akaubana hasa, mpaka akausikia ubaridi wa plasta kupitia gauni. Ukaimba kutoka ndani ya ukuta.

Akajaribu kukumbuka mchoro wa ubaoni. Hewa inasukumwa, hewa inavutwa. Lakini mashine ilikuwa imezimwa tangu jana.

Alirudi sebuleni anakimbia. Akaifungua katriji. Mwekundu, mahali pake. Wa kijani, mahali pake. Akahakikisha. Akahakikisha tena kwa taa.

"Unafanya nini?" Baba akauliza.

"Namrudisha."

Wakati huo hakuona ajabu kusema hivyo.

Akaweka sindano. Gitaa kushoto. Ngoma kulia. Pumzi. Na sauti ikasimama katikati, juu ya meza fupi, wima kuliko ilivyowahi kusimama. Shingo ya Kitinda ikawa nyepesi. Nyuma yake pakawa patupu. Machozi yalikuwa yanamtiririka Baba na hakuyafuta.

"Karudi," akanong'ona. "Karudi, jamani. Yuko pale."

Kitinda alikuwa amesimama mbele ya miguu ya Baba, karibu kiasi cha kugusa magoti yake. Akamwuliza kwa upole, "Sasa umeridhika, Baba?"

Baba akageuka kutazama nyuma ya kiti chake.

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

Baba akazidi kugeuka. Kitinda akamwangalia Shangazi, aliyekuwa kwenye kochi, ana kwa ana naye. Shangazi alikuwa ameona midomo yake ikisogea. Na hata hivyo naye alikuwa anageuza shingo, taratibu, kwenda kwenye korido iliyokuwa nyuma yake mwenyewe, ambako hapakuwa na mtu.

"Shangazi, niangalie. Niko hapa."

Shangazi hakugeuka kumtazama. Aliitazama korido.

"Usiongee," akanong'ona. "Nakuomba, mwanangu. Usiongee tena."

Kitinda akaweka kiganja mbele ya mdomo wake mwenyewe. Akataja jina lake. Joto la pumzi lilikuja kiganjani. Sauti haikuja. Ilitokea nyuma yake, mlangoni mwa karakana, kama mtu aliye chumba cha pili.

Alikwenda kwenye kioo cha bafuni. Akaongea na uso wake. Uso ukachezesha midomo, na maneno yakatoka kwenye pazia la kuogea. Akanyamaza. Pazia likamalizia neno la mwisho, limechelewa kidogo tu.

Aliporudi sebuleni alikuwa ameshika koleo. Kama kosa ndilo lililoleta haya, alifikiri, basi kosa litayaondoa. Mwekundu kwa kijani, kijani kwa mwekundu. Dakika moja. Akainamia mashine.

Mkono wa Baba ukamfunika mkono. Haukuwa unatetemeka hata kidogo.

"Usiguse," akasema.

Kitinda akafungua mdomo.

"Najua uko hapo, Kitinda. Nausikia mkono wako." Uso wake ulikuwa umeelekea meza fupi. "Sijui umefanya nini, na sitaki kujua. Lakini amekaa mahali pake. Muache."

"Na mimi, Baba?"

Sauti yake ilitokea nyuma ya Baba, chini, karibu na sakafu. Baba alishtuka, akainama upande wa pili kuikwepa. Hakuuachia mkono wake. Aliendelea kumshika vile, kwa nguvu, mpaka wimbo ukaisha, na ulipoisha akamwomba auanze upya.

Kitinda akauanza upya. Koleo akazirudisha sandukuni.

Shangazi alivaa viatu vyake akiwa nje, barazani. Hakuaga.

Jumatatu asubuhi Kitinda aliamka mapema kama siku zote. Alichemsha chai. Baba alikuwa ameshatoka chumbani akiwa amevaa shati lake zuri, ameketi mbele ya spika, na mashine haikuwa imewashwa.

"Vikombe viwili," akasema aliposikia hatua zake. "Changu, na kingine weka pale."

Kitinda alimpa Baba chake mkononi. Cha pili alikiweka juu ya meza fupi, katikati, kwa uangalifu, kisiguse mbao kwa kelele. Akasimama akikitazama. Madirisha yalikuwa yamefungwa na pazia halikutikisika. Mvuke ulikuwa unapanda umenyooka. Kisha ukapinda. Ukalala upande mmoja, ukanyooka, ukalala tena, taratibu, kwa vipindi, kama unavyolala mvuke wa chai ya mtu anayelinda koo.

Baba akatabasamu.

Kitinda hakukimbia. Alikizunguka kiti cha baba yake kwa hatua ndogondogo, mpaka akafika nyuma, mahali ambapo sasa sauti yake ilikuwa inatokea. Akasimama hapo wima, mikono kando, akajipanga ili kinywa na sauti viwe mahali pamoja.

"Shikamoo, Baba," akasema.

"Marahaba," Baba akajibu, bila kugeuka.