Kitanda Kipo, Mlete

Simu ilipokelewa kabla haijalia.

Mratibu alidhani masikio yanamchezea. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wagonjwa mahututi vitanda katika hospitali tano za mji, na tangu asubuhi alikuwa akijibiwa "kumejaa" kila alikopiga. Sasa sauti laini ya kike ikamwambia, "Kitanda kipo. Mlete wodi ya nyuma."

Mkonga wa simu ulinuka marashi na udongo mbichi. Hakujali. Alikuwa na mzee anayepumua kwa taabu, akamtuma huko.

Haukupita muda, dereva wa gari la wagonjwa akampigia.

"Dada, umenileta wapi? Wodi hii iliungua zamani. Kufuli imeota kutu."

"Geuza gari!"

"Mzee ameshakata roho." Dereva akashusha sauti. "Na mlango unafunguka, dada. Kwa ndani."

Tangu hapo akaacha kupiga namba ile, lakini kila namba nyingine aliyopiga, sauti ile ilitangulia kupokea, ikipumua taratibu kama mtu aliyelala shavu kwa shavu naye, na harufu ya udongo ikamfuata mpaka kwenye chai yake, mpaka kwenye nywele, hata wenzake wakawa wanasogeza viti mbali.

Kisha mdogo wake akampigia, akilia, yumo ndani ya gari la wagonjwa. "Dada, mume wangu anakwenda! Nitafutie kitanda!"

Sauti ikaingia katikati yao. "Kitanda kipo."

"Kumbe kipo! Dada, si umesikia?"

"Usiende huko!"

"Unataka nifiwe?"

"Mpe dereva simu!" Akamwamuru aende hospitali ya karibu, hata kama ni kulazwa koridoni. Huko wauguzi walipokezana kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono, mpaka kitanda kikapatikana.

Akapona. Shehe naye akaitwa ofisini, akasoma, akanyunyiza maji. Simu zote zikalia kwa pamoja kama paka aliyebanwa mlangoni, kisha kimya. Harufu ikaisha. Mratibu akalia kwa furaha.

Alipokwenda kumjulia hali shemeji yake, alimkuta ameketi, anakunywa uji.

"Shemeji, asante. Ila yule nesi wa garini, aliyenishika miguu njia nzima, ulimuudhi kweli ulipokataa."

"Nesi gani?" mdogo wake akauliza. "Nyuma tulikuwa mimi na wewe tu."

Mgonjwa akaweka kikombe chini.

"Alisema haidhuru. Kitanda amekutandikia wewe, shemeji."