Msalaba wa Makena

Walikutana katika duka la vyakula vya Kiafrika, mtaa wa Thornton Heath huko ughaibuni, Jumamosi watu wamejaa hadi mlangoni. Makena, mpokezi wa kliniki ya meno, alikuwa na koti jekundu na haraka zake za Kimeru. Mkono wake ulishika mfuko wa mwisho wa unga wa ugali pamoja na mkono wa Lusekelo, fundi umeme kutoka Tukuyu. Kijana alitaka kusema "chukua wewe", lakini kigugumizi kikamkaba, na kabla hajamaliza Makena alikwisha kumpenda.

Mwaka ukapita kwa simu ndefu na utani. Kisha ikaja sherehe ya Lilian, rafiki yake Makena. Lilian alimuuliza anavumiliaje kumsubiri mwanamume atafute kila neno. Makena akacheka, akajibu kwa Kiingereza kwamba kila mtu ana msalaba wake wa kubeba. Alipogeuka, Lusekelo amesimama nyuma yake na sahani mbili za pilau. Aliziweka mezani taratibu, akamuaga Lilian kwa adabu, akaondoka.

Makena alijipa moyo kwamba ule ni msemo tu. Na kweli, wiki ile aliusikia kila mahali: meneja akiisema kompyuta yake, mzee kwenye kituo cha basi akilisema goti lake, mtangazaji wa redio akiisema timu yake. Hakuna aliyemkumbuka Yesu. Lakini kila alipousikia, uso ulimwaka. Lusekelo alikuwa mtoto wa mchungaji wa kanisa la Moravian, na simu za Makena hakuzipokea.

Jumapili Makena akamfuata kwake, wakasimama mlangoni.

"Ni msemo tu, mpenzi. Hapa kila mtu anausema."

"Na-najua. Hata mimi nausema, nikisema ba-baridi." Akaegemea mlango. "Lakini wewe u-ulikuwa unanisema mimi. Na ulicheka."

Makena alitazama viatu vyake. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, akaumeza.

"Nilimaanisha," alisema. "Ukikwama mbele ya watu, natamani ardhi inimeze. Ni mimi mwenye kasoro, Lusekelo. Nimeona aibu kwa ajili yako, na sasa sijui niuweke wapi uso wangu."

Lusekelo akasogea kando ya mlango, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita.

"I-ingia. Chai ipo. Lakini bado si-sijakusamehe."

Makena akavua viatu, akaingia.