Bua la Yungiyungi

Haya yalimpata Vumilia, rafiki yangu wa Buseresere, mwanamke asiyejua kutia chumvi. Mvua zilikuwa zimegoma na unga umeisha, akaenda na jirani yake Scolastika kuchimbua viazi vya mayungiyungi. Bwawa lenyewe ni pale lilipodidimia duara, shimo la wachimba dhahabu, mwaka juzi na kumfukia mume wa Vumilia, Ndaki. Hajatolewa mpaka leo. Enzi zile Vumilia ndiye aliyemshikia kamba juu. Ndaki akiivuta mara tatu, maana yake nipandishe.

Saa nane mchana maua ya samawati yalikuwa yameshajifunga, kama ilivyo kawaida yake. Maji yalimfika Vumilia kiunoni, meusi tititi, hata miguu yake haioni. Akashika bua moja, akalifuata kwa mkono kuelekea topeni.

Bua likakaza. Likavutwa kwenda chini, mara moja, mbili, tatu.

"Mama Kulwa, mbona umeganda?" Scolastika alimuuliza Vumilia kutoka ukingoni.

"Kuna anayevuta."

"Mizizi hiyo. Chomoa tuondoke."

Lakini mikono ya Vumilia ilikuwa imeshaanza kupandisha, taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine, kama zamani.

Bua likakatika. Hewa ikatoka kwenye vitundu vyake ikichemka majini, kisha ikakoma. Bwawa likanyamaza.

Halafu jani la pembeni likazama na kuibuka mara tatu, polepole kuliko mwanzo.