Kizuizi cha Frateri Josephati

Hebu niambie wewe unayesikiliza: padri akiwa na mke nyumbani, misa itapungua nini?

Swali hilo lilimkaa Lusia rohoni tangu mnada wa mwezi wa tatu pale Karatu, mwaka themanini na tatu, siku zile kitambaa kilipokuwa cha kupangia foleni. Alikuwa nyuma ya cherehani yake, gauni la maua ya njano, kilemba chekundu, vumbi la ng'ombe limemtua mpaka kwenye kope. Akaja kijana mrefu mwenye shati la drafti, amekumbatia kitambaa cha tetroni nyeupe kama mtu aliyepakata mtoto.

"Fundi, nishonee kanzu."

Lusia akampitishia futi mabegani, polepole kuliko kazi ilivyotaka. "Mabega haya yana mwenyewe?"

"Yana. Ni ya Kanisa. Mimi frateri, Josephati Hhando."

"Basi Kanisa lina bahati!"

Josephati akacheka mpaka futi ikaanguka. Alikuwa mwanafunzi wa upadri, yupo parokiani kwa mazoezi, akingoja ushemasi, na shemasi akishaahidi kutooa ndiyo basi. Kanzu ya siku mbili, nakwambia, ikala wiki sita. Leo pindo, kesho kola.

"Mchungaji wa Kilutheri ana mke na watoto saba," Lusia alimchokoza siku moja, "na mahubiri yake hayajachacha."

"Padri akiitwa kwa mgonjwa kule Kakesio, anaondoka saa hiyo hiyo. Mwenye mke ataanza kuaga."

"Na mke ndiye atakayemfungia viazi vya njiani, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Masikio ya Josephati yakaiva.

Mwezi wa tano akarudi seminarini. Jumapili iliyofuata, paroko, Padri Qamara, akasoma tangazo: Josephati Hhando anaomba ushemasi, mwenye kujua kizuizi aje ofisini aseme. Jina husomwa Jumapili tatu. Lusia akaona amekwisha kujibiwa.

Jumatano Marsela wa posta akamwita mbio kwenye simu.

"Lusia, mpenzi, hilo tangazo..."

"Hongera, Frateri."

"Nisikilize kwanza!"

Lusia akakata simu. Alilia njia nzima mpaka nyumbani kwake Ganako.

Jina likasomwa mara ya pili. Jumatatu asubuhi Lusia akavaa gauni lake la bluu lenye mkanda, akaenda moja kwa moja kwa paroko. Kufungua mlango, Josephati amekaa pale, vumbi la basi hadi nyusi.

"Ile barua ya kuomba niliiandika mwezi wa pili," akamwambia Lusia kwa haraka, "kabla sijakuja mnadani. Wameifanyia kazi sasa. Nimekuja kuomba jina lisisomwe tena."

Padri Qamara akaweka kikombe chini. "Sheria ingekuwa yangu, ningekupa vyote, altare na mke. Si yangu. Nikilifuta jina hili leo, kijana, usitegemee kulirudisha. Nimwandikie askofu kizuizi gani?"

Josephati akamtazama Lusia. Hakujua kama bado anatakiwa.

Lusia akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mwandikie Lusia wa Ganako, Baba Paroko. Nampenda huyu. Nataka anioe."