Doa la Kichwa Ukutani

Doa lilirudi siku ya tatu. Bi Nadhifu alitoka asubuhi na ufagio mkononi, akainua macho kuifurahia kazi yake, akaliona pale pale kulia mwa mlango, kimo cha mtu aliyekaa: duara la rangi ya chai, kubwa kama sahani, limetokeza juu ya chokaa nyeupe. Aligusa. Ukuta mzima ulikuwa umekauka hata unaacha unga kidoleni, ila hapo tu palikuwa pabichi, tena pana uvuguvugu.

Mtaa ulimbandika jina hilo kwa sababu alikuwa mshonaji wa sare za shule na usingeokota uzi sakafuni mwake. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, na lile jina la mtaa alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Jumamosi wangekuja watu wa upande wa mchumba wa binti, watu wa geti la chuma na taa mbili, na yeye nyumba yake kwa nje ilitia haya. Mfuko nao ulikuwa mtupu. Basi akaiosha nyumba uso. Ukuta wa mbele peke yake ulipakwa chokaa iliyotiwa chumvi na gundi ili ishike. Mawe ya kando ya njia yakapakwa pia. Makopo matupu yakatobolewa chini, yakatiwa udongo na maua ya kuomba kwa jirani. Tairi kuukuu likakatwa meno, likawa bustani. Mlango ukapigwa msasa, ukapata rangi ya samawati iliyobaki kwenye kazi nyingine ya fundi. Ukisimama barabarani ungedhani umekosea nyumba. Ukizunguka nyuma, matofali yalikuwa yanamomonyoka kama kawaida.

Kilichobaki kuharibu uso huo kilikuwa mama yake mzazi.

Bibi yule alikaa kulia mwa mlango kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na tisa, kwenye kigoda kimoja, kichwa kimeegemea ukuta ule ule. Doa lilikuwa lake, mafuta ya nywele ya miaka yote hiyo. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, mate yalimtoka bila taarifa, na hakuna aliyepita bila kusalimiwa na kusimuliwa ya ndani: jana tumelala njaa, leo mwanangu kalia. Watu wa upande wa pili walikuwa wameambiwa kwamba bibi anaishi mbali, kwa kaka mtu. Bi Nadhifu ndiye aliyewaambia. Kila alipokumbuka uongo huo uso ulimwaka, lakini hakuufuta.

Jumatano alimshika mama yake mkono, akamhamishia stoo ya nyuma, juu ya magunia ya vipande vya vitambaa.

"Ni wageni tu, mama. Wakiondoka nitakurudisha."

Mama hakubisha. Aliushika mkongojo wake kwa mikono miwili. "Sawa, mwanangu. Ila pale usipaache patupu. Mahali palipozoea mtu hapakai wazi, patapata wa kukaa."

"Mama nawe na maneno yako."

Hata hivyo aliweka kopo la maua. Kila asubuhi alilikuta limesogezwa pembeni taratibu, bila kumwaga chembe ya udongo, kama anavyosogeza mtu mwenye adabu anayetaka kukaa.

Ijumaa hiyo doa liliporudi, alimwita fundi rangi. Fundi akacheka. "Mafuta na chokaa haviivi chungu kimoja, mama. Hapa ni kukwangua mpaka kwenye tofali." Akachukua kikwangulio, akavuta mara moja, mara mbili. Akaacha. Alikinusa kidole chake, akarudi nyuma hatua tatu, na mzaha wote ukamtoka.

"Mama, samahani. Nani amekaa hapa?"

"Hakuna mtu. Huoni mwenyewe?"

"Simuoni," alinong'ona. "Lakini nimekwangua, mtu akaguna."

Aliondoka akiacha brashi zake mbili ndani ya ndoo. Fundi kuacha brashi si jambo dogo, na Bi Nadhifu alilijua hilo. Lakini wageni walikuwa wa kesho, na mtu mwenye haraka hujifanya kiziwi. Alilipaka doa tena kwa mkono wake, pumzi ameibana, maana pale ukutani palinuka mafuta ya nywele, mafuta yale yale ya mama yake.

Wageni walifika saa tisa alasiri, jua likiwa kali. Waliisifu njia, wakasifu maua, wakauliza mlango umepakwa na nani. Bi Nadhifu alikaribia kuota mbawa. Walipokwisha kukaa, shangazi wa mchumba, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akamgeukia.

"Mbona uliniambia mama yako yuko mbali? Tumemkuta hapo nje, katupokea vizuri sana."

Binti alimtazama mama yake. Mama yake alitazama zulia.

"Ametuasa tusiguse mawe, chokaa bado mbichi," shangazi aliendelea, na upole ukaanza kupungua. "Halafu kasema kitu kimenisumbua. Kasema humu ndani kuna mtu stoo, hajapewa maji tangu asubuhi."

Ilikuwa kweli. Katika kufagia na kupanga vikombe alikuwa amemsahau, na sasa alisimama akasema anakuja mara moja, akatoka barazani ambako hapakuwa na kigoda wala mtu, ila doa limekuwa si sahani tena bali kichwa na shingo na mabega mawili na mgongo uliopinda, bichi lote, likitweta kidogo kidogo kama kifua cha mtu mzima, na alipotaka kupiga kelele akasikia karibu na sikio lake sauti ya mama yake ikimwambia kwa huruma, "Nenda kampe maji, mwanangu, mimi nitawaangalia wageni," naye akakimbia kuzunguka nyumba, akipita matofali yaliyomomonyoka ambayo hakutaka mtu ayaone, mpaka mlango wa stoo, akaufungua, akamkuta mama yake kakaa gizani, midomo imekauka.

"Mwanangu," alisema bibi, "nani yuko mahali pangu?"

Wageni walikunywa chai nusu, wakaaga. Hawakutukana. Shangazi alimbusu binti shavuni, akampita Bi Nadhifu. Afadhali angetukanwa.

Tangu hapo mtaa mzima ulimuona bibi pale kulia mwa mlango. Watoto wa shule walipita wakiamkia, "Shikamoo, bibi!" na kutoka pale patupu ilitoka "Marahaba" ndefu yenye kikohozi. Majirani wakampongeza Bi Nadhifu kwa kumpendezesha mama yake, siku hizi hata mate hayamtoki. Yeye peke yake hakuona mtu. Alisikia tu mkongojo ukigonga saruji, tok, tok, na kunusa mafuta. Angemrudisha mama yake siku hiyo hiyo, lakini angemkalisha wapi? Juu ya nani?

Binti ndiye aliyemleta mganga, mzee ambaye mchana alikuwa fundi saa na bado alikuwa na alama ya kioo cha kazi kwenye jicho. Hakufukiza kitu. Alilitazama doa kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Huyu hukurushiwa na mtu," alisema. "Ulitangaza nafasi, akaomba kazi."

"Nimuondoe vipi, baba?" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nimemficha mama yangu kama takataka. Nimeona aibu kwa mama yangu mzazi."

"Utamtoa kesho, mchana kweupe, watu wakiona. Umkalishe pale, useme kwa sauti: huyu ndiye mama yangu. Utakayemtaja ndiye atakayekuwa na kiti, hilo halirudi nyuma. Kwa hiyo kabla ya kumshika mkono, mtazame usoni mpaka uhakikishe. Huyu kiumbe ana masikio, na sasa hivi anatusikia."

Kesho yake saa kumi majirani walijaa njiani. Bi Nadhifu alikwenda stoo, akafungua mlango, na aibu ikamrudia. Aliona magunia, aliona miguu miwili mikavu, aliona ncha ya mkongojo. Kuyainua macho akutane na lile jicho, hakuweza. Alitazama chini, akaunyosha mkono wake, na mkono mwingine ukaupokea.

Alimkalisha kwenye kigoda, kilichorudishwa pale pale. "Huyu ndiye mama yangu!" alisema, kwa sauti iliyofika barabarani. "Nilimficha, na nimekosa!" Wanawake wakalia naye. Doa likakauka mbele ya macho yao, likafifia, likaisha, na ukuta ukawa mweupe toka pembe hadi pembe. Hata fundi rangi, aliyekuja kuchukua brashi zake, alipiga makofi.

Watu walipotawanyika, Bi Nadhifu alichukua chupa ya mafuta, akampaka mama yake kichwani, mengi, mpaka yakachuruzika shingoni. Ilikuwa ni njia yake ya kuomba radhi. Bibi aliegemea ukuta, akafumba macho, akastarehe. Binti akaleta chai.

Bibi aliinuka kidogo kupokea kikombe. Ukuta nyuma ya kichwa chake ulikuwa mweupe pepe. Bi Nadhifu alipapasa pale alipokuwa ameegemea: pakavu, unga mtupu wa chokaa.

Kutoka nyuma ya nyumba mkongojo uligonga sakafu. Tok. Tok.

"Mwanangu," sauti ilikuja, dhaifu. "Maji."

Yule wa kwenye kigoda alimtazama. Macho yote mawili yalikuwa maangavu. "Kaa unywe chai," alimwambia kwa upendo. "Umeshanitaja mbele ya watu."

Njiani alipita jirani, akapunga mkono, akasema nyumba imependeza kweli. Bi Nadhifu akampungia. Kisha alijaza maji kwenye kikombe, akazunguka nyuma, akafungua stoo, na safari hii alimtazama mama yake usoni: jicho la kushoto lenye ukungu, mate kidevuni, na ule uso wote ambao angeutambua popote kama tu angeutazama kabla ya kuunyosha mkono. Alimnywesha mpaka tone la mwisho.

"Nani yuko mahali pangu, mwanangu?"

Bi Nadhifu alimfuta kidevu kwa kitambaa.

"Ni wageni tu, mama," alisema. "Wakiondoka nitakurudisha."