Aliyeidanganya Kompyuta ya Maabara

Ilianza na harufu. Fundi wa kompyuta alipofungua maabara ya hospitali asubuhi ile, alikutana na harufu ya mafuta ya karafuu aliyokuwa akijipaka Dada Mkubwa, mwandishi wa majibu ya vipimo. Na Dada Mkubwa alikuwa amezikwa wiki tatu nyuma.

"Nani kapita humu?" alimuuliza mpimaji wa damu.

"Hakuna, kaka. Ila kompyuta yako nimeikuta inajiandikia."

Ilikuwa kompyuta kuukuu, isiyoiweza programu mpya ya majibu. Fundi alikuwa ameilazimisha: alibadilisha namba chache ndani yake, programu ikadhani iko kwenye mashine ya kisasa, ikakubali. Dada Mkubwa akamwandikia barua ya kumwonya kwamba majibu ya wagonjwa yanachanganyika. Fundi akaichana. Mama mmoja alipoongezewa damu isiyo ya kundi lake akafa, Fundi aliapa kuwa Dada Mkubwa ndiye aliyekosea kuandika. Wakamfukuza kazi. Hakumaliza mwezi, akafa.

Sasa vitufe vilibonyea bila mkono. Printa ikatema karatasi: juu jina la mgonjwa, chini, mahali pa kundi la damu, NILIKUONYA.

Fundi akachomoa waya, na kompyuta haikuzima, vitufe vikazidi kasi, karatasi zikamwagika hadi sakafuni, kila moja na neno lilelile, huku harufu ya karafuu ikimkaba koo kama kitambaa kilicholowa.

"Kaka," mpimaji alinong'ona, "ulimfanya nini yule dada?"

"Nyamaza!"

Mchana mkurugenzi wa hospitali alimleta mganga wa kienyeji, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi. Akaweka kiganja juu ya kompyuta.

"Unataka nini?"

Printa ikajibu: ASEME.

Fundi, jasho likimtiririka, akamgeukia mkurugenzi. "Mzee, tulikosea. Mimi na yeye, sote wawili."

Vitufe vikanyamaza papo hapo. Harufu ikakatika. Fundi akashusha pumzi.

"Ametoka kwenye mashine," mganga alisema, akirudi nyuma taratibu, macho hayabanduki usoni mwa Fundi. "Mashine tu."

Fundi akafungua kinywa aulize. Ikatoka sauti ya mwanamke, tulivu, kila mtu mle aliijua.

"Mkurugenzi, keti. Nitakueleza ilivyokuwa, tangu barua niliyomwandikia."

Ikaeleza yote, huku machozi yakimtoka Fundi. Tangu siku ile mkewe amezunguka kwa waganga saba. Sauti ya mumewe hajaisikia tena.